Bima ya mpangaji haijui mafuriko: usisaini hapo Southcrest kabla hujasoma hii

Usisaini. Mengine tutaongea baadaye.

Nimesoma swali lako nikiwa kwenye mapumziko ya kazi na chai imepoa mkononi. Umepata nyumba ya chini Southcrest, San Diego, hatua chache kutoka kijito cha Chollas. Kodi iko chini kuliko mtaa mzima, dalali ni mcheshi, na wiki ijayo wametangaza mvua kubwa. Unauliza kama wenyeji wanatia chumvi kuhusu hizi mvua za majira ya baridi, kama mifuko ya mchanga inatosha, gari uliweke wapi, kama bima ya mpangaji uliyokata itakusaidia, na shule zikifungwa watoto wabaki na nani. Halafu ukamalizia na kale kasentensi: "Mimi natoka Mwanza, mvua naijua."

Hako kasentensi ndiko kalikoniamsha. Mdogo wangu, mimi nimekulia Kigogo, ukingoni mwa bonde la Msimbazi. Desemba 2011 nimeiona Jangwani imegeuka ziwa na watu wako juu ya mabati wanasubiri kuokolewa. Majirani zetu wengine walihamishiwa Mabwepande baada ya pale. Kwa hiyo nilipofika California nikakuta televisheni inakatisha vipindi kutangaza mvua ambayo Dar mtu angeenda nayo kazini na kandambili, nilicheka. Nilicheka kazini, nilicheka kwenye grupu la WhatsApp la Waafrika Mashariki wa hapa, nikawa mchambuzi wa hali ya hewa bila cheti. Kwenye hilo grupu kulikuwa na kaka mmoja wa miaka mingi huku, anayeongea kwa sauti ya kiwanja, akatuma ujumbe wa sauti: "Hawa wanaogopa manyunyu, laleni." Tukalala.

Wenyeji kutia chumvi? Inategemea anaishi wapi. Wa mlimani watakwambia "tunaihitaji mvua" kwa sababu wameishi na ukame kwa miaka, na wengi wao walikuwa wamechoka na matangazo: Agosti 2023 walitishwa na kimbunga Hilary, wakajaza maji na mikate ndani, kisha mitaa yao mingi ikapita salama. Baada ya hapo tahadhari ikawa utani. Lakini jirani yangu, mzee wa Kimeksiko aliyekaa mtaa wetu wa kando ya Chollas tangu ujana wake, kila Novemba alikuwa anapandisha friji na kabati juu ya matofali. Hakupiga kelele, hakuandika mahali. Mimi nikidhani ni mapambo. Kama kuna mtu wa kumuuliza hapo Southcrest ni wa aina hiyo. Achana na televisheni, achana na mimi pia, mgongee jirani mwenye matofali.

Jumatatu ya tarehe 22 Januari 2024 ikafika. Pale uwanja wa ndege walipima kama milimita 69. Najua, najua, umecheka. Milimita 69 kwa mtu wa Mwanza ni mvua ya kumkuta mama sokoni. Sasa piga hesabu: San Diego kwa mwaka mzima hupata wastani wa milimita 250 hivi. Yaani zaidi ya robo ya mvua ya mwaka ilimwagika siku moja, na kubwa yake ilishuka ndani ya saa chache asubuhi hiyo. Ikawa siku ya Januari yenye mvua nyingi kuliko zote katika kumbukumbu za jiji, na kumbukumbu hizo zinaanzia 1850. Maji yote hayo yanashuka kutoka vilimani, juu ya lami na saruji, kuelekea vijito vifupi kama Chollas. Humo ndani kulikuwa na matete, magodoro, matairi na vitoroli vya dukani. Msimbazi angalau unakupa muda wa kubeba mtoto. Chollas haukutoa hata muda wa kutafuta viatu. Southcrest, Shelltown, Mountain View, Encanto, kote huko maji yaliingia ndani ya nyumba za watu.

Mifuko ya mchanga nilikuwa nayo. Jiji huigawa bure ukithibitisha unaishi hapo. Niliipanga mlangoni vizuri kabisa, nikapiga picha nikaiweka kwenye lile grupu na kicheko. Maji yakapanda kupitia tundu la bafuni. Nasimulia hili kwa kifupi kwa sababu harufu yake sipendi kuirudia.

Ila hayo yote, ndugu yangu, ni utangulizi. Kilichonimaliza si maji. Ni karatasi.

Nilikuwa na bima ya mpangaji kama yako. Niliikata kwa simu, na yule wakala wa bima nilimuuliza kwa mdomo wangu: maji yakiharibu vitu vyangu mnalipa? Akajibu kwa furaha, "Ndiyo, uharibifu wa maji umo, uko salama kabisa." Nikamwamini. Siku ile, nikiwa nimesimama barabarani na soksi zilizolowa, nikampigia. Nilikuwa mtulivu hata mke wangu alishangaa. Nikasema moyoni, vitu ni vitu, bima italipa. Wakala akauliza swali moja tu: maji yalitoka kwenye bomba lako, au yalitoka nje?

Yalitoka nje. Kimya. Halafu sauti ikabadilika, ile furaha ikaisha, nikasomewa ibara.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo nataka usome polepole hata kama mengine utayaruka. Bima ya kawaida ya mpangaji nchini Marekani hulipa bomba likipasuka, moto, wizi. Maji yanayotoka ardhini au mtoni yakaingia kwako hailipi. Hayo yana bima yake peke yake, bima ya mafuriko, na nyingi ya hizo ziko chini ya mpango wa serikali kuu unaoitwa NFIP, unaosimamiwa na FEMA, idara ya serikali kuu ya maafa, lakini unauzwa na mawakala wa kawaida. Mpangaji anaruhusiwa kukata ya vitu vyake tu bila jengo, hadi dola 100,000. Jengo ni shida ya mwenye nyumba. Na bima ya mwenye nyumba haikugusi wewe hata kidogo: inarudisha ukuta wake, godoro lako linabaki kuwa godoro lako.

Na ukishaikata, haianzi kazi mpaka zipite siku 30.

Rudia hiyo. Siku 30. Kuna vighairi vichache, mfano mtu anayenunua nyumba kwa mkopo, lakini wewe mpangaji usijipe matumaini. Kampuni binafsi nyingine zina muda mfupi zaidi, hizo uliza. Mimi nilijua habari ya siku 30 nikiwa tayari nimeshalowa. Mwanzoni mwa Februari walitangaza mvua nyingine kubwa, ile iliyokuja kuilowesha Los Angeles, nikakimbilia simu na kadi ya benki mkononi kama mtu anayewahi basi la mwisho la Mbagala. Dada wa upande wa pili, mpole kweli, akaniambia inaanza mwezi unaofuata. Nikamwambia mvua inakuja wiki hii. Akasema, "Ndiyo maana kuna siku 30." Sina jibu la kumpa mpaka leo.

Sasa nimalizane na dalali, maana wa kwangu alikuwa mcheshi pia. Mkataba wangu ulikuwa na aya kuhusu mafuriko. California, tangu Julai 2018, mwenye nyumba anayejua kuwa nyumba iko eneo la hatari ya mafuriko anatakiwa kuandika hivyo kwenye mkataba, aandike pia kwamba bima yake hailindi mali ya mpangaji na kwamba mpangaji afikirie kukata bima ya mpangaji na ya mafuriko. Yote hayo yalikuwepo! Maandishi ya saizi ya mchwa, ukurasa wa karibu na mwisho, baina ya sheria za takataka na sheria za mbwa. Nilipoweka kidole pale nikauliza hii nini, yule bwana akapunga mkono: "Hiyo ni karatasi ya sheria tu, kila nyumba inayo, hapa hapajawahi kuingia maji." Kila nyumba inayo! Nikaingia mkenge na kalamu nikamrudishia kwa adabu. Baada ya mafuriko simu yake ikawa haipatikani. Natumaini popote alipo viatu vyake vinavuja.

Na kama mkataba wako hauna aya hiyo, usisherehekee. Ramani za FEMA zina maeneo ya hatari kubwa na maeneo mengine, lakini FEMA wenyewe wanasema sehemu kubwa ya madai ya NFIP hutoka nje ya maeneo ya hatari kubwa. Mtu akikwambia "hapa si eneo la mafuriko", amekwambia rangi ya ramani. Maji hayasomi ramani.

Utasema serikali itasaidia. Itasaidia, kwa kuchelewa na kwa masharti. Rais alitangaza janga la San Diego tarehe 19 Februari, karibu mwezi mzima baada ya mvua. Wakati huo jipsamu za ukutani zilikuwa zimeshaota kuvu na kukatwa, na vitu vyetu vilikuwa rundo kando ya barabara: kochi, nguo za watoto, ile kompyuta niliyokuwa nalipia mkopo. (Mkopo, kwa taarifa yako, haukusombwa na maji.) Msaada wa FEMA ni wa kukusimamisha tu, haurudishi nyumba iliyokuwepo. Kingine kinachotolewa ni mkopo wa SBA, idara ya serikali kuu ya biashara ndogo, ambao hata mpangaji anaweza kuomba kwa ajili ya vitu vyake. Lakini mkopo ni deni.

Na hapa wengi wetu huumia kimya kimya. Msaada wa fedha wa FEMA unataka mwombaji awe raia, mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), mkimbizi, aliyepewa hifadhi, na makundi mengine machache ya namna hiyo. Wewe umesema mmekuja kwa viza ya masomo ya mke wako. Viza hiyo peke yake haiwapi sifa. Kama mnaye mtoto aliyezaliwa hapa, mzazi anaweza kuomba kwa niaba yake. Kama hamna, basi bima ya mafuriko ndiyo FEMA yenu. Bima haiulizi viza, inauliza tarehe.

Kwa hiyo fanya hivi. Mvua inakuja wiki ijayo, maana yake hata ukikata bima leo, mvua hiyo haimo. Ukitaka nyumba hiyo kwa lazima, kata bima kwanza, uhamie siku 30 zikipita. Kama hawawezi kukusubiri, waachie, tafuta ghorofa ya pili hata kama kodi imepanda kidogo. Na ukishakaa hapa, bima ya mafuriko inakatwa Septemba, wakati jua linachoma na kila mtu anakucheka, kwa sababu mvua za huku hujikusanya kati ya Novemba na Machi. Yangu kwa mwaka haifiki bei ya godoro nililolitupa. Kila nikiilipa nalikumbuka lile godoro, lilikuwa zuri sana.

Kuna atakayekuja chini hapa kusema yeye kaishi City Heights, mtaa mwingine wa hapa San Diego, miaka kumi hajaona tone sebuleni. City Heights ina vilima na ina mabonde, kaka. Na yule kaka aliyetuma ujumbe wa "laleni" anaishi ghorofa ya tatu, nilikuja kujua baadaye.

Gari: kama una bima kubwa, mafuriko huwa yamo. Kama una ile ya kulipa watu wengine tu, gari ni lako na hasara ni yako. Na likishaingia maji usiliwashe "kujaribu". Mimi nililijaribu. Fundi alinitazama kama mtu aliyempa maiti panadol.

La shule na watoto sijui, sina mtoto wa umri huo, wenye watoto watakujibu. Ile aya ya mkataba ipige picha uitume hapa tukusomee, ila ufiche jina na anwani. Na umpigie wakala leo, kabla ofisi hazijafungwa. Mwambie bima ya mafuriko ya NFIP, ya vitu tu, na umwombe akuandikie kwa barua pepe tarehe inayoanza. Akikuambia kwa furaha kwamba uko salama kabisa, kata simu, mpigie mwingine.