Chombo kikavu usikikalafati kwa pupa

Mashua aliyoniachia marehemu baba ilikaa miaka 2 chini ya mkungu, pwani ya Nungwi, haijaonja maji ya chumvi. Nilipoamua kuifufua, mbao zilikuwa zimekauka na kuachana hata ukikaa ndani unauona mchanga wa nje. Nikanunua pamba, nikaishindilia kwa chembeu na nyundo mpaka kila ufa ukajaa; kuziba huku ndiko kukalafati. Nikapaka rangi. Ikapendeza, na nikaishusha.

Siku ya tatu majini, mbao 2 za upande wa kushoto zilichomoka kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo. Misumari ilitoka nazo.

Nilimwita mzee mmoja fundi. Aliizunguka mashua kimya, akapitisha kidole kwenye maungio, akaniambia: "Mwanangu, umekiziba chombo kikiwa na kiu. Kimekunywa, mbao zimevimba, na pamba umeibana haina pa kwenda." Maneno yale ndiyo yaliyonifundisha kazi hii, na ndiyo ninayomwambia kila anayeniuliza leo.

Basi kabla hujashika nyundo, kinyweshe chombo. Kiezekee makuti kisipigwe na jua, tandika magunia ndani, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa wiki mbili hivi. Tumia maji ya bahari. Maji ya mvua yakituama ndani huozesha mbao, ya chumvi hayana madhara hayo. Utashangaa: nyufa nyingi ulizodhani zinataka pamba zitajifunga zenyewe, na zitakazobaki ndizo za kushughulikia.

Wakati kinakunywa, wewe kikague. Chukua kisu chenye ncha, uchome pale ubao unapokutana na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, kwenye vichwa vya mataruma, na kuzunguka kila msumari. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, hapo pameoza. Ukiona doa jeusi limezunguka msumari, ujue kutu imeshakula chuma na mti pamoja.

Adui mkubwa zaidi haonekani. Mashua yangu ilikuwa na ubao mmoja chini, karibu na mkuku, rangi yake safi kabisa, una vitundu viwili tu vya kupitisha sindano. Mzee aliugonga kwa kisigino cha tezo. Mbao za jirani zililia ngo, ngo. Ule ukalia kama sanduku tupu. Tulipoukata, ndani ulikuwa mashimo matupu kama sega la asali, kila shimo limepakwa ute mweupe uliokauka, mgumu kama ganda la yai. Ni kazi ya mdudu wa baharini: huingia akiwa mdogo sana, kisha hunenepa akiwa ndani. Ndiyo maana nasema gonga kila ubao, usiyaamini macho.

Ubao mbovu usiuwekee kiraka cha kopo wala saruji. Saruji haijongei, mti unajongea, na kati yao maji yatapata njia. Kata mpaka kwenye taruma zima, ili ubao mpya upate pa kushika, na maungio ya mbao mbili zinazofuatana yasikutane kwenye taruma moja. Toboa kwanza kwa keekee, kisha zungushia uzi wa pamba uliolowa mafuta chini ya kichwa cha msumari, ndipo upigilie.

Sasa pamba. Isokote, uiloweshe mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa, uiingize kwa mapigo mepesi. Ikishakaa, sikiliza: mlio wa nyundo ukibadilika na kuwa mzito, acha. Pigo moja la ziada ndilo lililonigharimu mimi mbao mbili.

Sehemu inayokaa majini tulipitishia moto wa makuti kuua wadudu, mtu akiutembeza bila kusimama mahali pamoja, maana ukisimama utaunguza kalafati. Kisha tukapaka deheni, yaani shahamu iliyoyeyushwa ikachanganywa na chokaa, kwa mkono, ingali na uvuguvugu. Hii hurudiwa kila baada ya miezi michache. Wanaoiruka ndio wanaomlisha yule mdudu.

Panga kushusha wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana. Maji mafu hayafiki juu, na chombo kilichokwama juani siku saba kinaanza kukauka tena.

Usiku wa kwanza kitavuja. Usikate tamaa, wala usikimbilie pamba zaidi. Kifunge maji madogo, uwe na upo wa kuchotea maji mkononi. Mimi nililala humo ndani, nikafua maji kila saa mpaka alfajiri. Usiku wa pili niliamka mara tatu. Wa tatu niliamshwa na adhana, nikapapasa chini gizani, na ngama, yaani maji yanayotuama chini ya chombo, ilikuwa haifiki kifundo cha mguu.