Kabla hujafungua duka la kompyuta Kampala

Vijana wanaotaka kufungua steshenari huniuliza swali lilelile siku hizi: biashara hii bado inalipa kweli, ikiwa simu inaandika barua yenyewe na fomu za serikali zimehamia mtandaoni? Huwa nawajibu kwamba inalipa, ila si biashara ile waliyoiona wakiwa watoto. Kuchapa kumekwisha. Mimi nilianza na taipureta upande wa Nkrumah na Nasser, mitaa ya wachapaji, enzi ambazo tulilipwa kwa ukurasa na wepesi wa vidole ndio uliokuwa cheti chetu. Leo duka langu liko karibu na Arua Park, kituo cha magari ya kaskazini hapa Kampala, na ni nadra mtu kuniletea karatasi aliyoiandika kwa mkono nimchapie.

Wanaokuja ni madereva wa malori ya Juba, wafanyabiashara wa Ariwara na Bunia, akina mama waliotoka Koboko na Yumbe kufuatilia pasipoti, vijana wa bodaboda wanaotafuta kazi ya udereva. Tunaelewana kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo lugha tunayokutania. Huyu anataka TIN, namba ya mlipakodi ya URA, yule ombi la pasipoti, mwingine namba ya malipo ya kupeleka benki au wasifu wa kuombea kazi. Kwa kifupi, wanataka mtu wa kusimama kati yao na mtambo. Kazi imebaki hapo, na mitihani yake ya uaminifu iko hapohapo. Ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu hakuna atakayekufundisha siku unaponunua printa.

Nianze na wasifu, kwa kuwa hapo ndipo nimebishana na wasaidizi wangu kuliko penginepo. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika yenyewe, itoke mwishoni mwa 2022, yeyote mwenye bando anaweza kupata wasifu wa kurasa mbili kabla chai haijapoa. Nami naitumia, sijifanyi mtakatifu. Inanyoosha Kiingereza, inapanga tarehe, haichoki. Kasoro yake ni kwamba haivumilii pengo. Ukiiambia mtu ameendesha matatu ya Arua na Koboko, itamwongezea uongozi wa timu, itampa ujuzi wa kompyuta asiokuwa nao, na kuna dereva mmoja iliyemtunuku stashahada ya uchukuzi ambayo hajawahi kuisomea. Tatizo ni kwamba stashahada hiyo ilipendeza pale kwenye ukurasa. Hakuna kilichoonekana kimekosewa. Kaka huyo alikuwa anaomba kazi kwenye shirika linalohudumia wakimbizi upande wa Bidi Bidi, na huko vyeti halisi huombwa siku ya usaili. Angeitwa mwongo kwa uongo asioujua, ulioandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Kwa hiyo kwangu kuna sharti: wasifu hautoki dukani kabla haujasomwa kwa sauti, kwa lugha ya mteja, mstari kwa mstari, naye amekaa pale. Mimi nasoma kwa Kiswahili. Msaidizi mmoja anasoma kwa Kilugbara, mwingine kwa Kiganda. Kila mstari mteja aitikie au akatae. Inachukua muda, na foleni inanung'unika. Lakini humo kwenye kusoma ndimo yanamotoka mambo ambayo mashine haikujua hata kuyauliza. Mzee mmoja aliyejiita “mlinzi tu” alinikatiza katikati ya usomaji na kusema kwamba kwenye kituo cha afya alikolinda, yeye ndiye aliyekuwa akiangalia jokofu la chanjo usiku umeme ukikatika, akiandika nyuzi za joto kwenye daftari. Miaka yote hiyo hakudhani kwamba hiyo ni kazi ya kutajwa. Tulifuta aya nzima ya maneno matamu ya mashine, tukaweka hilo jokofu.

Ukitaka kipimo cha haraka, tafuta kwenye wasifu jambo moja ambalo haliwezi kuwa la mtu mwingine. Usipoliona, rudi umuulize mteja.

Mikataba ya kuuziana kiwanja ni habari nyingine. Google iliongeza Kiganda na Kilingala kwenye tafsiri zake mwaka 2022, na sasa wateja wanakuja na mkataba uliokwisha kufasiriwa kwenye simu, wanataka uchapwe tu. Mimi sichapi mkataba wa ardhi ambao pande zote mbili hazijausikia ukisomwa mbele ya mtu anayezijua lugha zote mbili. Nawaelekeza kwa wakili. Wengine wanaondoka kwa hasira, na jirani anawachapia.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wenye maduka wengi hawalifikirii kabisa: mabaki. Kwa siku moja kompyuta yangu inapitiwa na vitambulisho vya taifa, pasipoti, barua za hospitali, matokeo ya UNEB (baraza la mitihani), taarifa za benki, hata karatasi za talaka. Watu huzituma kwa WhatsApp, tunazichapa, wanalipa, wanakwenda. Wao wamekwenda, nakala zimebaki. Ziko kwenye simu ya duka, ziko kwenye ile folda ya vitu vilivyopakuliwa, ziko kwenye flashi ya msaidizi, na nakala zilizoharibika ziko kwenye boksi chini ya meza. Boksi hilo, ukilitupa ovyo, huishia kwa wauza karanga na wakaanga chapati. Nimewahi kununua rolex (chapati ya mayai, si saa ya mkononi) iliyofungwa kwa fotokopi ya kitambulisho cha dada wa watu, jina, picha, NIN (namba ya kitambulisho), vyote vinasomeka na mafuta juu yake.

Usione ni kichekesho. Tangu laini za simu zilipofungamanishwa na kitambulisho cha taifa, namba ile na picha ile ni mali kwa tapeli. Laini ikisajiliwa kwa jina lako ikatumika kuibia watu pesa za simu, polisi watakaoanza kukutafuta hawatajua kwamba ulipita tu Arua Park kutoa kopi. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na kuna Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi chini ya NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari. Wengi wanadhani ni sheria ya mabenki na kampuni za simu. Inamhusu yeyote anayekusanya na kutunza taarifa za watu, na sisi tunazikusanya mchana kutwa.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Mteja akishapata karatasi zake namgeuzia kioo cha kompyuta, namwonyesha faili zake zikifutwa, hadi kwenye pipa la takataka la kompyuta. Mazungumzo yake ya WhatsApp yanafutwa naye akiona. Akitaka nimtunzie kwa ajili ya kesho, aniambie mwenyewe, na kesho ikipita zinafutwa. Nakala zilizoharibika tunazichana vipande vidogo na kuzichoma jioni. Wasaidizi hawaruhusiwi kuchomeka flashi zao, wala kupiga picha hati kwa simu zao hata printa ikigoma. Na kuna katazo jipya nililoliongeza baada ya akili mnemba kuingia: hakuna kubandika kitambulisho au barua ya daktari ya mtu kwenye programu hizo ili “isaidie kujaza fomu”. Unaipa maelezo ya kazi, huipi NIN. Kile kilichokwenda kwenye mtambo wa watu wa ng'ambo huwezi kukifuta mbele ya mteja.

Barua pepe nayo ina mtego wake. Fomu nyingi za mtandaoni zinadai barua pepe, na mteja wako hana. Njia rahisi, inayotumika karibu kila duka, ni kumfungulia kwa namba ya simu ya duka na kuandika nywila kwenye daftari la duka. Wiki mbili baadaye ujumbe wa miadi unafika kwako, wewe uko bize, yeye yuko Adjumani anasubiri. Au duka linafungwa na daftari linapotea. Nimepokea wateja wanaolia kwa sababu duka lingine lilihama na kuhama na ufunguo wa maombi yao. Mfungulie kwa namba yake mwenyewe. Nywila aichague yeye, aiandike yeye, kwenye karatasi yake. Kama hajui kuandika, aje na mtoto au ndugu anayemwamini, na huyo ndiye aiandike. Ndiyo, atasahau na atarudi, na mtaanza upya. Sawa tu.

Kuhusu kughushi sitasema mengi, maana kila mtu Kampala anaijua sifa ya Nasser Road. Utaombwa. Jeshi au polisi wakitangaza nafasi, vijana watakuja wapunguziwe umri: “Mama, miaka miwili tu, nani atajua?” Ukimhubiria anakwenda duka la pili. Mimi nimeona afadhali kuwa na njia halali ya kumwonyesha papo hapo. Tarehe ya kuzaliwa ikiwa kweli imekosewa, NIRA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, wana utaratibu wa kurekebisha, na fomu naijaza mimi. Cheti kikiwa kimepotea, UNEB wana utaratibu wao. Tena UNEB wanathibitisha vyeti kwa waajiri wanaouliza, kwa hiyo alama iliyoongezwa kwa kompyuta hugundulika bila jasho. Wakishasikia hivyo baadhi yao hukaa. Wale wasiokaa, waende.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni kazi za nje. Mabinti wanakuja na pasipoti mpya, wanataka iskaniwe itumwe kwa “ajenti” ambaye hawajawahi kumwona, kwa ajili ya kazi za ndani Saudi Arabia. Vijana waliosoma kidogo wanaletewa ya kompyuta: kazi ya kuingiza data Thailand, mshahara wa dola, tiketi imelipwa. Waganda wamekutwa miongoni mwa watu waliookolewa kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni huko Myanmar, na wengi wa waliofungiwa kule walikwenda kwa matangazo ya namna hiyohiyo, kisha wakalazimishwa kutapeli watu wengine kwa kompyuta. Teknolojia ileile inayowapa riziki ndiyo iliyowafunga.

Unaweza kusema kazi yako ni kuskani tu. Mimi nilikata shauri kwamba skani moja ya pasipoti kwa ajenti inakuja na maswali, na maswali hayo ni bure. Kampuni ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii? Wizara ina mfumo wake wa mtandaoni wa ajira za nje. Tunafungua pamoja, tunatafuta jina. Mkataba uko wapi, na umesomewa na nani? Kwa nini anataka pasipoti yenyewe na si nakala? Binti mmoja alikasirika akaniambia nina wivu. Huenda alikuwa na haki ya kukasirika. Mimi si mama yake, na kodi ya chumba Kawempe haisubiri. Jina la kampuni yake tulilikosa kwenye orodha. Nilimpa nakala zake, sikuzituma. Alizituma mwenyewe au hakuzituma, sijui.

Mambo mawili ya wasaidizi, kwa kifupi. Wafundishe kujaza kwa kalamu pia. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, na duka lililojua tovuti peke yake lilikaa siku kadhaa likitazama ukuta. La pili, wachangie NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Zamani waajiri wadogo kama sisi tulikuwa nje. Marekebisho ya sheria ya 2022 yamemwingiza kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja: asilimia 10 yako, asilimia 5 yake. Kijana anayeshika siri za mtaa mzima huku hajui atakula nini mwisho wa mwezi, ipo siku atajiwa na mtu mwenye elfu hamsini na flashi, anayetaka kuzinunua.

Mwisho ni bei, maana najua ndilo swali lililowaleta wengi hapa. Usitoze kwa ukurasa tena. Ukurasa sasa unatengenezwa bure, na mteja analijua hilo, atakubishia hadi jioni. Ubaoni kwangu nimeandika bei ya fotokopi, chini yake bei ya kujaza fomu, na chini kabisa bei ya wasifu “pamoja na kusomewa”. Anayetaka wasifu bila kusomewa anaambiwa bei ni ileile. Wengi, wakishajua wamekwisha kuulipia, wanavuta kiti.