IUI au IVF ya ofa: uliza haya kabla hujalipa

Dada, umefanya vizuri kuuliza mapema. Umesema kliniki moja imekupa bei ya IUI (kuweka mbegu za mume moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi), nyingine ya ofa ya IVF (kurutubisha mayai nje ya mwili). Bei hizo usizilinganishe bado. Mirija yako ya uzazi umeshapigwa picha? Kama yote miwili imeziba, IUI hata ingekuwa bure haikusaidii, kwa sababu mbegu haifiki kwenye yai. Na shemeji apime mbegu, tafadhali. Ni kipimo cha bei ndogo, ila wanaume wengi hukikwepa huku mke akimaliza pesa kwa vipimo.

Hiyo ofa iombe kwa maandishi. Sindano za kukuza mayai zimo? Dawa ya usingizi siku ya kuvuna mayai? Kugandisha viinitete (mayai yaliyorutubishwa) vitakavyobaki, na kuvihamisha baadaye? Sindano mara nyingi hulipiwa kando, na ni ghali mno.

Kama shida ni PCOS peke yake (hali ya homoni inayozuia yai kupevuka vizuri), anzia kwenye vidonge vya kusaidia yai kupevuka, kama letrozoli au klomifeni. Katika utafiti wa Marekani wa 2014 kwa wanawake wenye PCOS, waliotumia letrozoli walijifungua 27.5%, wa klomifeni 19.1%. Ila umri wako hujautaja. Ukishapita 38, vidonge usivikalie muda mrefu.