Timu ikifungwa mfululizo, anzia nyuma

Kocha mwenzangu, timu ikipoteza mechi 5 mfululizo, kila mtu anakuwa na dawa yake. Kiongozi anataka straika mpya, mashabiki wanataka kapteni akae benchi, na hakosekani wa kusema tatizo liko nje ya uwanja. Usibishane nao. Chukua daftari, kila goli mlilofungwa lipe mstari wake: dakika, upande, mpira ulipotea wapi na kwa nani, nani alikuwa karibu na mfungaji. Ukifika goli la 10 utagundua si makosa 10. Ni 2 au 3 yanayojirudia.

Kwa timu zetu, kuanzia ligi ya mkoa hadi Championship (ligi iliyo chini ya Ligi Kuu), linalojirudia kuliko yote ni mipira iliyokufa, yaani inayopigwa mchezo ukiwa umesimama, hasa kona. Ukiacha kipa una watu 10. Weka 3 wanaoruka vizuri kwenye mstari wa boksi dogo, mita 5.5 kutoka golini: mmoja nguzo ya karibu, mmoja katikati, mmoja nguzo ya mbali. Hao hawakabi mtu, wanakaba eneo na kuufuata mpira. 4 wakabe mtu kwa mtu, 2 wasimame juu ya 18 (mstari wa boksi kubwa), na 1 abaki mbele ili mabeki wao wasipande wote.

Inapoharibika ni hapa: mkabaji anautazama mpira, mtu wake anampotea mgongoni. Mfundishe asimame kiubavu, aone mpira na mtu kwa pamoja, na mkono umguse mpinzani kidogo tu ili ajue yuko wapi. Akivuta jezi ni penalti. Pia kona haiishi mpira unapopigwa kichwa. Unaangukia pale juu ya 18, na kama wale 2 wamevutwa ndani, mpinzani anapiga akiwa peke yake. Mpira ukitoka tu, kipa apige kelele "Toka!" na mstari mzima upande kwa pamoja. Mmoja akichelewa, anawaweka washambuliaji wao onside, yaani hawahesabiwi kuotea, na kazi yote imepotea. Rudieni kona 12 kila wiki, 6 kila upande, siku moja kabla ya mechi.

Kosa jingine ni letu sisi makocha. Timu imefungwa Jumamosi, Jumatatu inakimbizwa raundi za uwanja kama adhabu. Aliyecheza dakika 90 anahitaji siku 2 hadi 3 misuli irudi. Ukimkimbiza, Jumamosi inayofuata atachelewa nusu hatua, atacheza faulo karibu na 18, na hiyo faulo utaiandika tena kwenye daftari. Jumapili wapumzike. Jumatatu waliocheza wafanye dakika 30 nyepesi, na wa benchi wacheze 4 kwa 4, dakika 4 mara 6, wakipumzika dakika 2 kila baada ya raundi. Mazoezi magumu yawe Jumanne na Jumatano. Alhamisi mbinu, Ijumaa kona.

Hali ya hewa nayo ina hesabu yake. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kama 900. Timu ya Dar es Salaam au Tanga ikija uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, pumzi inawasumbua mapema, kwa hiyo wakabeni kwa presha dakika 15 za kwanza za kila kipindi, kisha mrudi nyuma mjipange. Ninyi wenyewe hamwezi kukimbiza dakika 90. Mkishuka pwani, joto na unyevu vinageuza hesabu hiyo: anzeni taratibu na wanyweshe maji tangu asubuhi, sio wakati wa mapumziko tu. Masika, Machi hadi Mei, pasi ya kumrudishia kipa inakwama kwenye matope. Beki akibanwa autoe nje. Mpira wa kurusha wa mpinzani ni nafuu kuliko goli.

Kikosi usikibomoe. Badilisha wachezaji wasiozidi 2 kwa mechi, na mabeki wa kati waache wazoeane. Mwenye makosa muite pembeni dakika 10, muoneshe mistari yake kwenye daftari, muulize aliona nini. Ukimsema mbele ya wenzake, mechi ijayo atauogopa mpira. Na mchezaji asiyelipwa miezi 2 hawezi kusikia habari za kukaba eneo, hilo tukubali. Waulize viongozi tarehe. Kama hakuna tarehe, waambie wachezaji hakuna. Kocha anayeahidi hela asiyoishika anapoteza chumba cha kubadilishia nguo haraka kuliko anayefungwa.

Msimamo wa ligi usiubandike ukutani. Polisi Tanzania, waliokuwa wakicheza uwanja wa Ushirika pale Moshi, walishuka kutoka Ligi Kuu msimu wa 2022/23, na kwenye ligi ya timu 16 na mechi 30 ni rahisi kuona mlima mzima ukakata tamaa. Gawanya mechi zilizobaki tano tano, kila fungu litafute pointi 6: ushindi 1 na sare 3. Sare hizo zinatokana na kutofungwa, na kutofungwa kunafundishika ndani ya wiki 3. Straika mzuri hapatikani kwa wiki 3.

Na mkitangulia kufungwa, dakika 5 zinazofuata ndizo za hatari, kwa sababu kila mtu anataka kusawazisha peke yake. Panga mapema: kapteni aubebe mpira mwenyewe hadi katikati akitembea, mabeki wa pembeni wasivuke nusu ya uwanja, na pasi 3 za kwanza ziwe fupi, za miguuni.