Nyonga ya mama: msingoje vikao vya ukoo

Mkuu, pole sana na mgonjwa. Umeuliza kama mama yako wa miaka 76 aliyeanguka bafuni na kuvunjika nyonga awekewe vyuma, au mumpeleke kwa mkandaji kijijini kama wajomba wanavyotaka. Nimemuuguza mama yangu kwa tatizo hilohilo, na jibu langu ni apasuliwe, ikiwezekana ndani ya siku 2. Mkandaji akikanda nyonga iliyovunjika anazidi kuuhamisha mfupa.

Sisi tulichelewa. Siku 9 mama kalala chali, mguu umefupika, unyayo umegeukia nje, uzito wa kuuvuta mguu unaning'inia miguuni pa kitanda, huku ukoo unakaa vikao. Siku ya 7 namgeuza nibadilishe shuka, nakuta ngozi ya makalio imeiva wekundu na inachubuka. Kidonda kile kilitutesa kuliko mfupa. Kulala ndiko kunakowamaliza wazee: nimonia, damu kuganda miguuni, vidonda.

Muulize daktari mfupa umevunjikia wapi hasa. Wa mama ulivunjika chini ya shingo ya fupa la paja. Hapo damu inafika vizuri, mfupa unaunga. Walipitisha skrubu moja nene shingoni hadi ndani ya kichwa cha nyonga, kisha bamba ubavuni mwa paja likakazwa kwa skrubu 4 ndogo. Daktari alinionyesha kwenye picha: ile nene inateleza ndani ya bamba, mama akikanyaga mfupa unabanana. Lakini kama umekatika shingoni kwenyewe na kuhama, damu ya kichwa mara nyingi hukatika, na kwa umri wake huenda wakataka kukibadilisha kabisa.

Alichomwa ganzi ya mgongoni, akawa anasikia keekee ikilia. Kesho yake kijana wa mazoezi akaja na fremu ya kutembelea. Mama akalia, "Mwanangu, mnaniua." Nusura nimwambie amwache. Namshukuru Mungu nilinyamaza. Hatua 3 tu, kitandani mpaka kwenye kiti.

Tafuteni wachangia damu mapema, na ulizeni kama bima inalipia vyuma. Sisi tulikuja kuambiwa hailipii wakati mgonjwa ameshafunga kula kusubiri upasuaji. Na kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, mtafutieni kiti cha plastiki imara, fundi akikate tundu katikati, kiwe tayari kabla hajaruhusiwa.