Choma uzi kwanza, ndipo ununue kitambaa

Muuza vitambaa akikuambia "hii pamba tupu, dada", usibishane naye. Mwombe akuchomolee nyuzi mbili tatu za pembeni, kisha tafuta kiberiti. Nashona nguo za watu hapa Mwanza, na mpaka leo sijaona njia ya upesi kuliko hiyo ya kujua ninachonunua. Vitambaa vya siku hizi hulainishwa sana kiwandani, kwa hiyo kupapasa tu hakutoshi, hata kwa mkono uliozoea.

Chomoa uzi unaokwenda urefu wa kitambaa na ule unaokatiza, maana mara nyingine nyuzi hizo mbili si za aina moja. Ushike kwa kibano, si kwa vidole, juu ya sahani ya bati yenye maji, mbali na kitambaa chenyewe. Pamba hushika moto mara moja, hutoa harufu ya karatasi inayoungua, na huacha jivu jepesi la kijivu linalosagika ukiligusa. Polista hujikunyata kabla hata moto haujaifikia, huyeyuka huku ikitoa moshi mweusi, na ikipoa huacha kidonge kigumu ambacho kucha haikivunji. Ukinusa nywele zilizoungua, hiyo ni sufu au hariri, kwa sababu nyuzi zake zimetoka kwa mnyama au mdudu na zimejengwa kwa protini kama nywele. Ukipata harufu ya karatasi lakini jivu lina punje ngumu ndani yake, umeshika mchanganyiko.

Tofauti hiyo inatokana na jinsi kila uzi ulivyopatikana. Sisi wa Kanda ya Ziwa pamba tunaiona tangu ikiwa shambani. Mkulima wa Simiyu au Shinyanga hupanda mvua za Novemba na Desemba, vitumba vikipasuka anavuna kwa mkono, na pamba mbegu inakwenda kiwanda cha kuchambulia. Huko mbegu hutenganishwa na kwenda kukamuliwa mafuta, mashudu yakabaki kwa ng'ombe, na nyuzi, ambazo ni kama theluthi moja ya uzito au zaidi kidogo, hufungwa marobota. Kiwanda cha nguo ndicho kinachozichana, kuzilaza upande mmoja na kuzisokota. Kila unywele wa pamba una uwazi ndani, na ukikauka hubonyea na kujipinda wenyewe, ndiyo sababu nyuzi hizo hushikana zikisokotwa. Asili yake ni selulosi, yaani kile kinachojenga miili ya mimea, ambayo hupenda maji, kwa hiyo hunyonya jasho. Kinachoniuma ni kwamba sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka nchini ikiwa robota, nasi tukanunua vitambaa vya kutoka nje.

Polista haijawahi kuona shamba. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, na malighafi yake hutokana na mafuta ya petroli. Ni plastiki ileile ya chupa za maji ya kunywa. Huyeyushwa kwenye joto la zaidi ya nyuzijoto 260, husukumwa kupitia vitundu vidogo mno kama tambi zinavyotoka kwenye mashine yake, hupozwa kwa hewa, kisha huvutwa mpaka iwe ndefu mara kadhaa ili ipate nguvu. Maji hayailoweshi kwa urahisi: hukauka haraka na haikunjamani, lakini jasho linabaki mwilini mwako.

Hapa nawasihi sana, hasa kina mama. Msipike kwenye jiko la mkaa au la gesi mkiwa mmevaa dera la polista. Pamba nayo huungua, tena upesi, lakini polista ikiyeyuka hunata kwenye ngozi na jeraha lake huwa baya. Jikoni jifunge kanga ya pamba na uikaze vizuri. Mtoto mchanga naye mfunike kwa pamba. Joto letu hili halimfai kulala ndani ya plastiki.

Sisemi polista haina kazi. Sare ya shule ya pamba tupu itapauka na kukunjamana kabla muhula haujaisha. Mimi kwa sare hutafuta mchanganyiko wa polista asilimia 65 kwa pamba asilimia 35: mtoto anapata hewa kiasi, nawe hulazimiki kupiga pasi kila asubuhi.

Kuna kitambaa kimoja ambacho moto hauwezi kukutambulishia, nacho ni viskosi, ile laini inayoteleza na kuning'inia vizuri kwenye magauni. Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle waliisajili Uingereza mwaka 1892. Massa ya mti, yaani rojo la mbao, hulainishwa kwa soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, na kemikali nyingine mpaka yawe uji mzito, kisha uji huo hupitishwa kwenye vitundu na kuingia ndani ya maji yenye asidi, ukageuka uzi. Mwishoni ni selulosi tena, kwa hiyo huungua sawasawa na pamba. Hapo tumia maji. Lowesha uzi kwa mate na uuvute: viskosi ikilowa hukatika kirahisi, pamba ikilowa huongezeka nguvu. Kwa sababu hiyo gauni la viskosi lifue kwa mkono, usilikamue kwa kulinyonga, na lianike kivulini.

Ukishapata pamba yako halisi, usiilete kwa fundi siku hiyohiyo. Iloweke usiku kucha, ianike, ipige pasi. Pamba mpya hurudi, yaani hunywea, ikifuliwa mara ya kwanza, na ni afadhali irudi ikiwa kitambaa bado kuliko ikishakuwa suruali. Nunua na robo mita ya ziada.