Uvimbe umesinyaa, tuache dripu?

*Dokta, mama alikuwa na uvimbe kwenye titi, mkubwa kama limau. Baada ya dripu tatu za kemo hatuushiki tena. Nauli ya kwenda Mwanza kila mara imetumaliza. Tuache? (Ujiji)*

Msiache, nawasihi. Mnaijua ndago. Ukiipalilia juu juu shamba linang'aa, kumbe viazi vyake vidogo vimebaki chini vinangoja mvua. Katika saratani nyingi kuna seli chache za namna hiyo, zinaitwa seli shina za saratani. Kemo, yaani dawa ya saratani, huua zaidi seli zinazogawanyika upesi. Hizi huzaliana polepole, nyingine hulala kabisa, tena zina pampu za kuitema dawa nje. Uvimbe unaweza kupotea mkononi na zenyewe zipo. Ndiyo sababu dripu hurudiwa kwa mizunguko, kisha mara nyingi hufuata upasuaji au mionzi. Suala la nauli mwelezeni daktari au ofisa ustawi wa jamii wa hospitali sasa hivi, kabla tarehe haijapita.

*Ni kweli wataalamu wanaotesha uvimbe maabara? (Mwanafunzi, Kasulu)*

Kweli. Mwaka 1994 John Dick na wenzake huko Toronto, Kanada, waliwapandikizia panya seli za saratani ya damu. Ni chache tu zilizoweza kuanzisha ugonjwa upya. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani wakaona jambo hilohilo kwa saratani ya titi. Siku hizi huotesha vivimbe vidogo kutokana na seli za mgonjwa, kisha huvijaribishia dawa. Mara nyingi kivimbe husinyaa, lakini katika seli zilizosalia, seli shina huwa nyingi kwa uwiano kuliko mwanzo. Kwa hiyo kupima ukubwa wa uvimbe peke yake hakutoshi.

*Jirani ananiuzia unga wa "seli shina". (Mwanga)*

Usinunue. Hata mwili wenye afya una seli shina zake, zinazozaa seli mpya, nazo ni kitu hai. Unga wa pakiti hauna uhai, na tumbo litausaga kama ugali. Pesa hiyo ni nauli ya matibabu.

*Nywele zangu zitarudi? (Uvinza)*

Kwa kawaida zinarudi, miezi michache baada ya dripu ya mwisho. Seli shina za nywele nazo husinzia, kwa hiyo nyingi hunusurika. Cha kukuhangaisha ni homa: ikifika nyuzi 38 kati ya dripu na dripu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na useme uko kwenye kemo.